Gadenia na Maji ya Bomba

Landhi ya Reli, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Eseri,

Mwalimu wangu wa misheni alitufundisha kwamba barua njema huanza kwa kuuliza afya ya anayeandikiwa. Lakini afya yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukitoka na kitana na uzi mweusi, ukienda hapo kwa Mama Atieno kusukwa, na sauti zenu nazisikia kupitia ukutani. Anakuambia ukae kichwa sawa, nawe unalalamika kwamba anavuta hadi macho yanapanda juu. Kwa hiyo nitairuka salamu, Mwalimu anisamehe, nipate kumaliza kabla hujarudi. Mama Atieno husuka polepole akiwa na habari za kusimulia, na leo anazo nyingi.

Sitaandika juu ya sabuni, wala chandarua, wala karatasi yako ya safari. Hayo baba yako amekwisha kukuambia, na jinsi ninavyomjua atakuambia tena wakati wa chakula, na tena kesho mkiwa njiani. Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza jana jikoni. Ulikuwa umechuchumaa ukipuliza moto, na hukunitazama. Ulisema, "Mama, nikishindwa tena, nitarudi?" Nami nikaendelea kusonga ugali kama mtu asiyesikia. Niliusonga mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na baba yako akauliza kama leo tunakula au tunajenga. Ulicheka, lakini ulifunika mdomo kwa mkono.

Nililisikia swali lako, mama. Jibu langu ni hili ninaloandika, na njia yake ni ndefu kidogo, kwa sababu inapitia kwa ile gadenia iliyo uani.

Wewe unaijua jinsi ilivyo leo. Unajua majani yake yanavyong'aa mwaka mzima kama yamepakwa samli, hata wakati wa kiangazi upepo unapotoka ziwani na vumbi la magadi na kila kitu katika landhi hii ya wafanyakazi wa reli kuwa cheupe, kuanzia mabati mpaka nyusi za watu. Unajua maua yake, na jinsi jioni harufu inavyopita nyumba hadi nyumba hata watu wanatoka nje wakiwa na sahani zao mikononi. Yaliyotangulia huyajui vizuri. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unajifunza kuandika jina lako kwa mkaa kwenye mlango wa choo.

Kabla ya Hali ya Hatari, bwana stesheni alikuwa Mhindi mmoja mpole, na mkewe tulimwita Mama Savita. Mimi nilikuwa nikiwafulia nguo. Kila jioni Mama Savita alichomeka ua moja jeupe katika nywele zake, na asubuhi nilipotaka kuloweka foronya, harufu ya ua lile ilikuwa bado imo. Nilikuwa na tabia ya kuiweka foronya puani kwanza kabla ya kuitia majini. Siku moja akanikuta nikifanya hivyo. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Eseri! Wewe nafua au nakula?"

Tangu siku ile alikuwa akiniachia ua moja juu ya rundo la nguo. Nilikuwa nikija nalo nyumbani ndani ya leso, na wewe uliwahi kung'ata moja ukidhani ni chakula, ukalitema ukilia kwamba Mama amekudanganya.

Walipohamishwa kwenda stesheni nyingine huko Uganda, Mama Savita alinipa mti mdogo uliopandwa katika debe la mafuta ya taa. Alinishika mkono, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama aya ya kukariri. "Sikia, Mama Eseri. Maji ya bomba, hapana. Maji ya mvua tu. Majani ya chai, weka chini, kidogo kidogo. Hapana sahau."

Niliitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni sikuyatilia maanani. Nilikuwa nimemwona kila asubuhi akimimina maji kutoka katika chombo cha shaba huku akiomba, basi nikafikiri haya ya maji ya mvua ni mambo ya dini yao. Nikajiambia kwamba mimi ni Mkristo, na mti wangu utakunywa maji ya bomba kama sisi sote.

Hakuna mti uliopata kupendwa katika landhi hii kama ule. Nilikuwa wa kwanza kufika bombani asubuhi, nikipigana vikumbo na wanawake wengine, na ndoo ya kwanza ilikuwa yako ya kunywa na ya pili ilikuwa yake. Jioni tena. Baada ya miezi michache majani yakaanza kugeuka. Mishipa ya jani ilibaki ya kijani, lakini kati ya mishipa kukawa manjano, jani likawa kama wavu. Nikasema, mti huu una njaa.

Na mtu wa kwetu akiona mmea wenye njaa hufanya nini? Huchota majivu. Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alitia majivu kwenye kunde, akatia kwenye migomba, na sijawahi kuona mgomba wake ukikataa kuzaa. Basi nami nikachota majivu jikoni, nikatia. Manjano yakazidi. Nikatia mengine. Yakazidi tena, na matawi ya juu yakaanza kukauka.

Mama Atieno alikuwa akisimama pale kwenye kizingiti chake, mikono kiunoni.

"Rispa! Huyu mgonjwa wako iko na homa ya manjano. Peleka zahanati, apigwe sindano!"

"Nyamaza wewe. Utakuja kuniomba maua hapa."

"Maua? Labda yale ya kuweka kwa kaburi yake."

Landhi nzima ilicheka. Hata baba yako alicheka, halafu alipoona uso wangu akajifanya anakohoa. Usiku ule aliniambia, "Huo mti umeshiba, Rispa. Uache upumue." Nilimjibu kwamba yeye kazi yake ni kugeuza njia za treni, mambo ya mimea aniachie. Ni mtu mvumilivu baba yako.

Kisha nikaitwa nyumbani kwenye mazishi ya shangazi yangu, na nilikaa huko kwa muda kwa sababu mvua kubwa zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa mbaya. Nilipokuwa sipo, baba yako alilisukuma debe kwa mguu mpaka kwenye pembe ya nyumba, pale maji ya mabati yanapomwagika, kwa kuwa lilikuwa linamzuia kupitisha baiskeli. Hakulifanyia kingine chochote. Niliporudi nilikuta mti umetoa majani mapya juu, ya kijani kibichi, yanang'aa. Niliweka mzigo wangu chini pale pale uani. Nilipaswa kufurahi, lakini nakuambia ukweli, kwanza niliona wivu. Mimi niliyeubembeleza usiku na mchana ulinikataa, na mtu aliyeupiga teke ukamchekea.

Ndipo maneno ya Mama Savita yakanirudia. Maji ya bomba, hapana. Hayakuwa maombi. Alikuwa ananieleza tu kuhusu maji. Maji yetu ya hapa yanatoka chini, katika ardhi ya magadi, nawe unajua yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mti ule haupendi magadi, na mimi kila siku nilikuwa nikiumiminia magadi kwa ndoo, kisha juu yake naongeza majivu, ambayo ni magadi mengine. Nilikaa juu ya mzigo wangu nikacheka peke yangu. Mama Atieno akachungulia, akauliza kama kule mazishini tulikunywa busaa.

Lakini kuna jambo moja nililiona baadaye. Yale majani yaliyokuwa yamekwisha kugeuka manjano hayakurudi kuwa ya kijani. Nilingoja sana. Niliyakinga maji ya mvua katika pipa, nikaweka makapi ya chai chini kidogo kidogo, nikafanya kila alichosema. Majani mapya yalikuja mazuri, ya zamani yakabaki na manjano yao mpaka yakaanguka kwa wakati wake. Na mti haukuyaonea haya. Uliyabeba pamoja na yale mapya, ukatoa maua hivyo hivyo.

Sasa nisikilize, Eseri, kwa sababu hapa kalamu yangu inasita.

Uliporudi kutoka chuo cha uuguzi kule pwani, nilikuuliza kilichokuleta, ukasema joto. Ukasema mbu. Ukasema sista mkuu ni mkali. Niliyaamini yote kwa sababu yote yanaweza kuwa kweli. Mpaka siku ile tuliyokuwa tukichambua maharagwe, ndipo uliponiambia, tena kama mtu anayezungumzia mtu mwingine, kwamba wasichana wenzako kule bwenini walikuuliza kama kwenu Nakuru mnapiga mswaki kwa tope. Kwamba ulipocheka darasani mmoja alisema, "Jamani, funga kopo la kakao." Ukaacha kucheka. Ukaacha pia kujibu maswali mbele ya mwalimu, kwa sababu kujibu ni kufungua mdomo. Kisha ukarudi nyumbani.

Mimi meno yangu ni meupe. Nilikulia kwetu, tukinywa maji ya kijito. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya reli, aliniambia kwamba maji haya ya chini ndiyo yanayopaka meno ya watoto rangi ya udongo, hasa yanapokuwa yakiota, na kwamba meno yenyewe ni mazima na yana nguvu. Watoto wote wa landhi hii wanayo, ndiyo maana hukuwahi kujiona wa ajabu mpaka ulipokwenda mahali ambapo hawanayo. Ndoo ile ya kwanza bombani, ile niliyopigania, ilikuwa yako. Niliibeba kichwani kwa furaha. Sikujua. Na hata kama ningejua, maji ya mvua yangetutosha siku ngapi? Sikuandikii haya ili unisamehe, maana najua huna kinyongo nami. Nakuandikia kwa sababu siku ile ya maharagwe nilikuwa na la kusema, na badala yake nikasema, "Waache, hao hawana adabu," nikaendelea kuchambua.

Nililotaka kusema ni hili. Rangi ile haitatoka. Nisikudanganye kwamba kuna dawa. Lakini si ugonjwa, na si uchafu, na hukuiiba mahali. Ni maji ya kwenu. Mtu akikuuliza, mwambie, "Ni maji ya kwetu," kisha mtazame machoni umalize sentensi yako. Wewe ukicheka unacheka kama baba yako, mabega yote yanatikisika, na nyumba hii tangu uanze kucheka kwa mkono mdomoni imekuwa kama kanisa lililofungwa.

Naona nimeandika mengi na bado sijafika kwenye swali. Kupitia ukutani Mama Atieno sasa anasimulia habari ya harusi, kwa hiyo bado nina muda.

Mwaka uliofuata gadenia ilijaa matumba, yale maua yanayokuwa bado yamejikunja, ya kijani kwa nje na meupe kidogo kwenye ncha. Niliyahesabu kila asubuhi. Nikaona kwamba kule pembeni hakuna apitaye, na mimi nilitaka Mama Atieno ayaone vizuri. Basi nikalibeba debe nikaliweka mbele ya mlango, penye jua. Baada ya siku chache matumba yakaanza kuanguka. Yalianguka yakiwa bado yamefumbwa, mazima, kana kwamba yamechumwa. Nikashtuka, nikalirudisha debe kwenye pembe yake ya zamani. Yaliyokuwa yamebaki nayo yakaanguka.

Hivyo ndivyo mti huu ulivyo. Ukiuhamisha unaangusha matumba. Haumaanishi kwamba mahali papya ni pabaya, wala kwamba unakufa. Mizizi yake inatafuta njia tu, na wakati huo haina nguvu ya kulisha maua. Ningeliacha palepale mbele ya mlango, ungetulia, ukatoa matumba mengine. Nililoharibu ni kuurudisha. Nikaufanya uhame mara mbili, na mwaka ule hatukuona ua hata moja.

Unakumbuka siku ulipoondoka mara ya kwanza? Mimi ninaikumbuka kila ninaposikia treni. Nilivaa gauni langu la kanisani nikaja mpaka jukwaani. Nilijiambia sitalia. Treni ilipoanza kutembea nilikimbia kando ya dirisha lako, mkoba mkononi, nikilia mbele ya watu wote wa reli, na unajua nilikuambia nini. "Ukiona mambo ni magumu, rudi, mwanangu! Rudi nyumbani!"

Mtu anamwambia hivyo mtoto ambaye treni yake haijafika hata Gilgil. Kila msichana anayekwenda mahali pageni huangusha matumba yake, na wewe ulipoyaona yakianguka ulikuwa na neno la mama yako masikioni, rudi. Ukarudi. Mwezi haukuwa umekwisha. Wakati wote huu watu wanasema Eseri alishindwa. Mimi najua aliyelibeba debe kulirudisha.

Na ulipofika, nilifurahi. Hilo nalo nataka ulijue. Nilichinja yule jogoo mwekundu. Mama Atieno alikuja mlangoni, akasema, "Dakitari amerudi! Kumbe hiyo kazi ni ya mwezi moja tu? Basi nichunguze mguu." Nikamfungia mlango usoni. Nikakuambia usitoke nje mpaka maneno yapoe, na maneno yalipopoa nikakuambia upumzike kwanza, na ulipopumzika nikakuambia unisaidie kufua. Miezi ikapita. Maji nilichota mimi, dukani nilikwenda mimi. Nilikuwa nakukinga na upepo.

Unaiona ile chupa ya jamu iliyofunikwa juu ya kijiti, pale penye kivuli? Mti wa gadenia huzaliwa hivyo. Unakata kijiti kisicho kichanga wala kigumu sana, unapunguza majani, unakichomeka katika udongo mwepesi wenye unyevu, unakifunika kwa chupa ili kisinyauke. Bila chupa kinakufa, kwa sababu hakina mizizi ya kunywa. Cha kwanza nilichojaribu kilishika vizuri kabisa. Kilitoa majani mawili madogo, yakagusa kioo. Nilikipenda sana nikaogopa kukifunua. Nje kulikuwa na vumbi, kulikuwa na jua, kulikuwa na kuku wa Mama Atieno. Baba yako alipita akasema, "Huyo mtoto wako atatoka lini humo ndani? Ataota ndevu." Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema hivyo tena. Nilipoinua chupa hatimaye, kijiti kilikuwa kimeoza shinani, na majani yale mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

Sikuoni wewe kuwa umeoza, usinielewe vibaya. Nakuona umefika kwenye kioo. Nilikuona siku ile sista mkuu alipokuandikia kwamba nafasi yako bado ipo, na kwamba atakupokea mara hii nyingine lakini haitakuwapo ya tatu. Uliisoma barua ile umesimama, kisha ukaikunja vizuri ukaiweka ndani ya Biblia, ukaenda kuchota maji mwenyewe. Ulivuka landhi nzima na ndoo, mbele ya wote. Mama Atieno alikutazama kutoka kizingitini. Na jioni ile alikuja mlangoni, safari hii bila mzaha, akasema ukikaribia kuondoka atakusuka yeye, kwa sababu muuguzi hawezi kupanda treni na kichwa kama kiota. Yule ni mtu mwenye mdomo mkali na mikono laini, na nimechelewa kulijua hilo.

Basi nijibu swali.

Ukishindwa, utarudi. Mlango huu ni wako, na siandiki neno lolote hapa la kuufunga. Lakini usirudi kwa sababu matumba yameanguka. Yataanguka. Wiki za kwanza kila kitu kitakuwa kigeni, usingizi utakuwa mwepesi, chakula kitakuwa na nazi hata mahali isipostahili, na mtu atasema neno juu ya meno yako. Usipime maisha ya kule kwa siku hizo. Kaa. Ngoja majani mapya. Yatakapotoka utayajua, siku moja utajikuta unamwonyesha mgeni njia ya kwenda wodini bila kufikiri, au utacheka kabla hujakumbuka kufunika mdomo. Ikiwa baada ya hapo bado moyo wako unasema kazi hii si yangu, niandikie. Nitavaa gauni la kanisani nije nikupokee stesheni mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna mlango nitakaofunga.

Nilitoka shule darasa la nne. Mwalimu alinisihi nibaki, nami nilibaki na hamu ile mpaka leo, ndiyo maana naandika sentensi nzima nzima hata ninapoandika orodha ya sokoni. Sikupeleki huko ili umalize safari yangu. Safari yangu nimeipenda. Imenipa baba yako, na wewe, na mti unaonukia. Lakini nimekuona ulivyomshika mtoto wa jirani alipoungua na uji, ulivyozungumza naye kwa sauti ya chini ukimwagia maji baridi, na mama yake akiwa anapiga mayowe. Mikono yako inajua kitu ambacho mimi sikukufundisha. Natumaini. Ni hilo tu, natumaini, na nimelinyamazia kwa sababu niliogopa litakulemea.

Nilitaka nikupe kijiti cha gadenia uende nacho. Wanasema kule kuna joto na mvua, nayo hupenda joto, huko ingemea mpaka dirishani. Lakini sitakupa kesho. Ungekuwa unakitazama kila siku ukiona uani kwetu. Kile kilicho chini ya chupa ni chako. Nitakikuza hapa katika debe, kwa maji ya mvua, na mvua zikipita na kurudi tena nawe ukiwa bado uko kule, utaniandikia tu kwamba kuna mahali pa kukipanda. Nitakileta mimi mwenyewe. Sijawahi kupita Nairobi tangu nizaliwe. Baba yako anasema nitapotea. Nimemwambia nitauliza njia.

Kesho sitakuja stesheni. Usidhani nimekasirika. Najua mdomo wangu ukiwa karibu na dirisha la treni. Utaondoka na baba yako akienda kazini; wiki nzima iliyopita alikuwa akiiomba zamu ya kesho asubuhi, hakukuambia, ili awe yeye atakayeigeuza njia treni yako ipite. Usimwambie nimekuambia.

Barua hii utaikuta juu ya mto wako. Usinijibu leo, na tusiizungumze mezani, maana nitaharibu chakula tena. Nasikia Mama Atieno anakuambia ujitazame kwenye kioo. Umemaliza kusukwa.

Unajua kwamba treni ikitoka stesheni hupita nyuma ya landhi yetu, na hapo bado haijashika mwendo. Mimi nitakuwa uani, karibu na gadenia, na mkono wangu utakuwa juu ya ile chupa. Kijiti kimeshika tangu wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema wiki ijayo. Toa kichwa dirishani, mama. Usinipungie tu. Cheka, mdomo wazi, niyaone meno yako yote, nami nitaiinua chupa.

Ni mimi mama yako,
Rispa